Unga Mweupe Chini ya Rangi

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Imenikuta barabarani nikitoka mazoezi, na nimefika Langas, mtaa ninaoishi hapa Eldoret, nimelowa chapachapa. Kocha wangu, Johnstone, ametaka niwe naandika kila nilichofanya hadi tarehe 31 Mei, siku ya mchujo wa timu ya taifa ya mbio za viti vya magurudumu. Basi naanza. Leo kilomita kumi na mbili, mikono mizito, upepo wa mbele.

Kuna jambo jingine. Nikikausha kiti cha mbio, kidole kimegusa uvimbe mdogo chini ya rangi, karibu na ekseli ya kushoto, pale gurudumu linaposhikwa. Nimeubonyeza kwa ukucha ukapasuka kama chunusi. Ndani mna unga mweupe.

Kiti hiki kilitoka kwa mwanariadha mmoja wa ng'ambo aliyestaafu. Fremu yake si chuma wala si alumini. Ni aloi ya magnesiamu, mchanganyiko wa metali, nyepesi hivi kwamba naiinua kwa mkono mmoja nikiwa nimekaa. Na mimi ni mtu wa kukaa tangu darasa la saba, nilipoanguka kutoka kwenye trela la miwa kwetu Busia. Kabla ya kiti hiki nilikuwa nikitazama migongo ya wenzangu ikienda. Nilipokipata, migongo ilianza kunikaribia.

Jumatano, 12 Machi

Uvimbe mwingine, na mwingine tena. Johnstone anasema ni rangi tu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda mtaa wa Huruma kugombana na Oketch, fundi aliyenipulizia rangi Desemba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta kibandani akibandika magazeti kwenye vioo vya gari la mtu, nikaanza bila salamu.

"Fundi, ulinipakia rangi gani? Krismasi ni juzi tu na tayari inafura kama mandazi!"

Aliinama, akatazama, akachukua kisu kidogo akakwangua. Rangi ilitoka kwa vipande vikubwa, na chini yake palikuwa na shimo la kuingia ncha ya kidole changu. Alipuliza ule unga, akausugua kati ya vidole.

"Hii sio kutu, dada. Kutu naijua, ni nyekundu. Hii kitu inaliwa halafu inabaki chokaa."

"Basi paka tena, na safari hii upake vizuri."

"Sipaki."

"Unasema?"

"Sipaki. Nikifunika hii shimo utaona inang'aa, utafurahi, utaenda road na ile spidi yako, halafu siku moja gurudumu itatoka na wewe. Sitaki hiyo iwe kazi ya mkono wangu."

Nilimwita mwizi. Mbele ya watu. Wanyonyi, mchomeleaji vyuma wa kibanda cha pili, alizima mashine yake ili asikie vizuri. Oketch alisubiri nimalize, kisha akasema kuna daktari mmoja wa chuo kikuu, Jepchumba, si daktari wa watu bali wa metali, ambaye hununua praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, duka moja na yeye. Atamuuliza.

Nimerudi nyumbani na hasira yangu yote, ila sasa sijui niielekeze kwa nani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Johnstone habari za shimo. Amecheka. "Nabwire, usianze kuchokora kitu kinachofanya kazi. Weka filla, piga tepu, tuendelee. Mchujo haungoji mtu."

Johnstone ndiye aliyenitoa nyumbani nilipokuwa mtu wa kukaa dirishani, akanipeleka uwanjani. Akiniambia jua litachomoza upande wa Webuye, kule linakotua, nitageuza kiti nikalisubiri huko. Nimepiga tepu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Tepu imebanduka.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimeonana na Dkt. Jepchumba, Oketch akinisindikiza na fremu begani. Ni mwanamke mwembamba, si mtu wa porojo. Aliwasha taa juu ya meza ya maabara, akaanza kufungua bolti moja baada ya nyingine bila kuuliza. Alipofika ya ekseli alisimama.

"Nani aliweka hizi?"

"Kocha wangu. Zile za kwanza zilipotea tulipobadilisha magurudumu Oktoba."

"Hizi ni za chuma. Zile za kwanza zilikuwa na mipira ya nailoni pembeni, sivyo? Ya kuzitenga na fremu."

Nikakumbuka vipande vyeusi vya plastiki. Tulivitupa.

Alichukua kipande kidogo cha magnesiamu, akakifunga bolti ya chuma, akakitia kwenye glasi ya maji ya chumvi. Mara ile ile vilianza kupanda vipovu, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

"Ukigusanisha metali mbili halafu ukaleta maji ya chumvi, ile dhaifu inaliwa ili nyingine ipone. Na metali dhaifu kuliko hii huipati kwenye karakana yoyote hapa mjini."

"Lakini Eldoret hakuna bahari, Daktari. Chumvi inatoka wapi?"

Alinishika kiganja, akakigeuza juu. "Hapa. Jasho. Linateremka kwenye fremu kila siku, mvua inalieneza, chuma kinamaliza kazi. Rangi ya fundi haikuwa mbaya. Ilipakwa juu ya metali ambayo haikutayarishwa, na hapa hakuna aliyejua inatayarishwaje."

Oketch alitazama sakafu. Wala hakutabasamu, jambo ambalo mimi ningefanya.

Kisha akatueleza kinachotakiwa. Kukwangua kila kitu mpaka metali itoke safi. Kuichovya fremu kwenye dawa ya fosfeti, ambayo inageuza ngozi ya metali yenyewe iwe tabaka gumu linaloshika rangi. Halafu praima ya epoksi, halafu rangi ya juu, na bolti zote zitengwe kwa nailoni. Palipobaki wazi hata kama tundu la sindano, ugonjwa utaingilia hapo hapo.

"Na msitumie grainda, ile mashine ya diski," alimwambia Oketch. "Msasa, kwa mkono, polepole. Vumbi lake linashika moto, na moto wake hauzimwi kwa maji, unalishwa nayo. Uwe na ndoo ya mchanga mkavu ndani ya kibanda. Mkavu kabisa."

Tulipotoka nilimwambia Oketch, "Fundi, yale maneno ya siku ile..."

"Wacha, dada," akasema. "Mimi pia ningekasirika."

Jumapili, 23 Machi

Johnstone hataki kusikia. "Kwa hiyo ni mimi." Nikamwambia hakuna aliyesema ni yeye. "Bolti ni za nani?" akauliza, akaondoka.

Ijumaa, 28 Machi

Fremu iko Huruma, imevuliwa magurudumu. Nafanya mazoezi na kiti changu cha kila siku, kupanda na kushuka kilima kabla ya kwenda kazini. Mimi ni karani kwenye duka la mbegu mjini. Leo nimefika mikono imekakamaa, hata kuandika risiti ni taabu.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Nilifika kibandani mvua ikiwa ya rasharasha. Oketch alikuwa ameibana fremu kwenye vaisi na amekaribia nusu. Sehemu iliyokwanguliwa ilikuwa ya fedha, nzuri kuliko rangi yoyote. Mahali pengine bado palikuwa na magamba na unga. Alikuwa akisugua taratibu, anafagia vumbi, anasugua tena. Mteja akamwita nje, akatoka.

Hapo ndipo Johnstone alipoingia. Hatukuwa tumeonana tangu ile Jumapili. Alitazama fremu, akatazama kalenda iliyotundikwa ukutani.

"Mpaka leo hamjafika hata nusu?"

"Ni kazi ya mkono, Koch."

"Mkono gani na mchujo uko hapa?" Akaenda kwa Wanyonyi, akarudi na grainda.

"Koch, daktari alikataa hiyo."

"Dakika moja tu, Nabwire. Naondoa haya magamba, fundi amalize."

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kusogeza kiti nikakaa katikati yake na vaisi. Lakini nilikuwa nimezoea kumtii, na mazoea yakanifunga mdomo. Diski ilikuwa imejaa mabaki ya vyuma vya Wanyonyi. Ilipogusa fremu ilitoa cheche, cheche zikaanguka kwenye vumbi lililofagiwa, na sakafu ikawaka.

Sikuwahi kuona moto wa namna ile. Mweupe, kama wa kuchomelea, mpaka macho yakafumba yenyewe. Kitambaa cha kufutia kikashika. Johnstone aliangusha grainda akarudi nyuma mpaka ukutani. Nilisikia Wanyonyi akija mbio, nikasikia ndoo ikigonga pipa la maji ya mvua.

"Usimwage!" Ilikuwa sauti ya Oketch kutoka nje. "Wanyonyi, usimwage maji!"

Alichelewa. Maji yalitua na moto ukaruka. Ukapanda hadi kwenye mabati kwa mlio kama wa kitu kinachopasuka. Nilijisukuma mbele, nikafungua vaisi, nikaiangusha fremu mapajani, nikarudi kinyumenyume hadi mvuani. Mapaja yangu hayahisi joto. Nilijua ilikuwa ya moto kwa sababu matone ya mvua yalikuwa yakilia juu yake.

Nikiwa nje nilimwona Oketch akiingia badala ya kutoka. Alibeba ile ndoo ya mchanga mkavu, akaumwaga polepole kuanzia pembeni kwenda katikati, kama mtu anayemfunika mtoto. Mwanga ukafifia, ukafa. Alipotoka, mkono wake wa kulia, mkono wa kupulizia rangi, ulikuwa mwekundu hadi kwenye kiwiko na ngozi ilikuwa imeanza kunyanyuka.

Johnstone alikuwa bado amesimama ukutani.

Jumapili, 6 Aprili

Hospitalini. Mapaja yangu yana malengelenge machache tu. Kuhusu Oketch, daktari anasema mkono utapona lakini vidole vitakuwa vigumu kwa muda. Muda gani, hakusema.

Benta, mke wa Oketch, alikuwa amekaa kando ya kitanda na kanga kichwani. Nilimpa pole. Alinitazama kuanzia magurudumu hadi usoni.

"Hiyo kiti yako imechoma mkono ambao unatulisha."

"Mama Byron, nimekuja kuwaambia naacha. Nitachukua fremu nyumbani. Kazi yenyewe basi."

Nilidhani nampa kitu. Aliinuka, akanisogelea hadi nikasikia harufu ya sabuni mikononi mwake.

"Uache? Baba Byron aungue hivi, halafu kiti ikae kwako chini ya kitanda? Hapana, Nabwire. Utamaliza. Hata kama ni kwa meno yako."

Oketch, macho yakiwa yamefumbwa, alicheka kidogo, akaumia.

Jumanne, 8 Aprili

Simu ya Johnstone imezimwa. Nashukuru, maana ningemwambia yasiyorudishika.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua mchana kutwa. Kilima mara sita.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilienda Huruma nikiwa na msasa wangu, nimejiandaa kuanza mwenyewe. Kibanda kilikuwa wazi. Ndani, chini sakafuni, mtu alikuwa amekaa na fremu mapajani akisugua kwa mkono. Alikuwa Johnstone.

Hakuinua kichwa. Wanyonyi alinivuta kando akaniambia amekuwa akija kila asubuhi tangu Jumatatu. Anafungua kibanda, anasugua, anafagia vumbi na kulizika kwenye mchanga, anafunga, anapeleka ufunguo kwa Benta. Benta hapokei ufunguo mkononi mwake. Johnstone huuweka juu ya ndoo.

Nilikaa nikimtazama. Mtu huyu niliyemwona kama anayejua kila kitu, kumbe alikuwa mtu mwenye haraka na woga kama mimi, aliyeogopa kwamba mchujo ukipita tena bila mimi atakuwa amenidanganya miaka yote. Hasira haijaisha. Lakini nilisogea, nikashika upande wa pili wa fremu, tukasugua pamoja mpaka adhana ya saa saba.

"Hapa bado," nikamwambia.

"Naona," akasema.

Jumatano, 16 Aprili

Dkt. Jepchumba alikuja Huruma mwenyewe na kifaa kidogo cha kupimia unene. Alikisogeza kila mahali, akarudi kwenye ekseli ya kushoto, akapima tena na tena.

"Umebaki na nyama ya kutosha," akasema, "lakini huna ya kupoteza tena."

"Nikimbie nisikimbie?"

"Kwenye uwanja tambarare, kimbia. Kwenye lami ya mteremko, usikipande kiti hiki tena. Nisingekuwa na uhakika ningekuambia ukiache."

Tulichovya fremu kwenye tangi la plastiki tulilokata katikati. Ilitoka na rangi ya majivu, imepoteza mng'ao wote. Nilisikitika. "Hiyo ndiyo ngozi mpya," akasema Jepchumba. "Usiiguse kwa kidole. Kidole kina chumvi."

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani. Oketch alikuwepo, mkono umefungwa bendeji. Baada ya ibada aliniambia tayari ameshaamua ni nani atakayepuliza rangi.

"Nani?"

"Wewe. Nani mwingine hapa yuko na mabega kama hayo? Mimi nitakuwa macho, wewe utakuwa mkono."

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Somo la kwanza, kwa maji matupu ndani ya bunduki ya rangi, juu ya bati kuukuu. Mkono uanze kusogea kabla ya kubonyeza. Usisimame. Usipinde kifundo, sogeza bega zima. "Umezoea kusukuma gurudumu, unataka nguvu," Oketch akasema. "Hapa hakuna nguvu. Hapa ni kupapasa."

Jumatano, 23 Aprili

Michirizi.

Alhamisi, 24 Aprili

Michirizi.

Jumamosi, 26 Aprili

Michirizi michache. Oketch amesema, "Angalau sasa inafanana na rangi."

Jumamosi, 3 Mei

Tulikuwa tumepaka vipande vya majaribio vya Jepchumba, praima na rangi ya juu, nasi tukajisifu. Leo tumevitia kwenye maji ya chumvi. Vitatu vimetulia. Cha nne kimetoa kipovu kimoja, kisha mstari mzima wa vipovu kutoka tundu ambalo hakuna jicho lililoliona. Nilikuwa nimepuliza nikiwa mbali mno, rangi ikafika imeanza kukauka.

Nikamuuliza Jepchumba kitu kilichokuwa kikinikwaza. Wanafunzi wake walikuwa wameniambia ana tabaka lake mwenyewe alilobuni, jipya, lenye nguvu kuliko epoksi. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba siku moja atataka kulijaribu kwenye kiti changu, apige picha, aandike.

"Mbona hutumii lile la kwako?"

Alifungua droo, akanipa kipande kilichopakwa kitu cheusi kinachong'aa. Nilipokigeuza kwenye mwanga niliona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka.

"Hili nimelifanyia kazi miaka mingi. Kwenye joto la maabara ni zuri ajabu. Likipigwa na mtikisiko linapasuka." Akalirudisha. "Nilifikiria, sitakudanganya. Ile siku ya kwanza ulipoingia nilifikiria. Lakini hiyo ni kazi yangu na huo ni mgongo wako. Nikitaka kujaribu, nitajaribu kwenye vipande."

Nimekuwa nikimwona baridi. Nimekosea kuhusu watu wengi msimu huu.

Jumapili, 4 Mei

Mvua kubwa, mitaro ya Langas imefurika. Nimefanyia mazoezi ya mikono mlangoni.

Ijumaa, 9 Mei

Kile cha nne nilikipaka upya, na sasa vipande vyote vimetulia majini. Hakuna kipovu. Tunangoja asubuhi kavu. Kila siku Oketch anaweka kiganja cha kushoto kwenye ukuta wa mabati. "Bati linatoa jasho. Leo hapana." Unyevu ukiingia chini ya praima, yote ni bure.

Jumatatu, 12 Mei

Bati linatoa jasho.

Jumatano, 14 Mei

Oketch alipiga simu nikiwa naanza kuvaa. "Njoo. Bati ni kavu kama mkate wa juzi."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Johnstone alikuwa ametundika fremu kwenye kamba ili niweze kuizunguka bila kuigusa. Wanyonyi alifunga mashine yake bila kuombwa, vumbi lisiruke. Nilivaa barakoa, glavu, nikashika bunduki.

Oketch alisimama nyuma ya bega langu. "Anza chini, pale kwenye ekseli. Pole... pole... endelea. Usisimame. Sasa ndani ya kona. Wacha mahali palipo rahisi, hapo patajipaka."

Mkono wake wa kulia ulikuwa ukisogea hewani ndani ya bendeji, sambamba na wangu. Nilipofika mahali palipokuwa na lile shimo nilihisi jasho likinitiririka shingoni, na Johnstone, bila neno, akanifuta kabla halijadondoka. Hilo ndilo lililonivunja moyo wa kumkasirikia. Si maneno, kitambaa.

Tulipomaliza, Oketch alizunguka fremu na tochi akikaribia hadi pua karibu iguse rangi. Alichukua muda mrefu. Kisha akamwita Benta aje aone. Benta alitazama, akanitazama.

"Meno hukuyatumia," akasema, akaondoka. Nadhani alikuwa anatabasamu.

Jumamosi, 17 Mei

Rangi ya juu. Samawati. Sasa hairuhusiwi kuguswa mpaka ikomae.

Alhamisi, 22 Mei

Johnstone amekuja nyumbani na mpango wa mazoezi. Aliuweka mezani, akabaki amesimama. "Ukitaka kocha mwingine nitaelewa."

"Sitaki mwingine. Lakini nikisema hapana, Koch, ni hapana. Hata kama ni dakika moja."

"Sawa."

"Kaa basi unywe chai."

Jumatatu, 26 Mei

Nimerudi kwenye kiti changu. Bolti zina mipira ya nailoni na grisi. Baada ya wiki nyingi za kusukuma kile kizito, hiki kimeondoka chini yangu karibu niachwe.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua ilianza kunyesha tukiwa kwenye mstari, na waamuzi wakasema tunakimbia hivyo hivyo. Mita elfu moja mia tano, wanawake, wanaochukuliwa ni wawili. Upande wangu wa kulia alikuwa Bridgit kutoka Kisumu, ambaye jina lake nimelisikia tangu nianze mchezo huu.

Mzunguko wa kwanza nilikaa nyuma yake, maji ya magurudumu yake yakinipiga usoni. Wa pili nikatoka nje nikamfikia. Kengele ilipolia nilikuwa mbele. Mbele! Nilimsikia Oketch akipiga kelele kwa Kijaluo, na sauti ya Johnstone ikinihesabia mipigo. Sikuwa nafikiria ekseli. Hilo ndilo ninalotaka kuandika. Tangu Machi, kila niliposukuma kwa nguvu, sehemu ya akili yangu ilikuwa kule chini kushoto, inasikiliza. Leo nilisukuma mzimamzima.

Kwenye kona ya mwisho Bridgit alipita ndani, akainama kama anayeingia chini ya mlango mfupi, akaenda. Msichana mwingine, kutoka Machakos, akanipata mita chache kabla ya mstari. Nimekuwa wa tatu.

Nilienda hadi mwisho wa uwanja nikakaa huko peke yangu, mvua ikinisaidia kuficha uso. Walinifuata polepole. Benta alinifunika kwa kanga. Hakuna aliyesema wakati mwingine utashinda, nami nawashukuru.

Kisha Oketch akapiga magoti kwenye nyasi. Kwa vidole vyake vigumu, vilivyokuwa bado na ngozi mpya ya waridi, alishika spana akafungua bolti ya ekseli ya kushoto. Ilimchukua muda, na Johnstone alitaka kumsaidia akakataa. Alichomoa bolti, akafuta grisi, akamulika ndani. Dkt. Jepchumba aliinama akatazama naye, maji yakitiririka kwenye miwani.

"Safi," akasema Jepchumba.

"Kavu," akasema Oketch. "Dada, kiti haijakuangusha."

"Najua," nikamwambia. "Leo nimeshindwa na mtu."

Na nilipolisema nikasikia kwamba ni kweli, na kwamba halikuwa jambo dogo. Bridgit ana mikono na mapafu kama mimi. Anaweza kupatikana.

Johnstone alichuchumaa mbele yangu. "Bridgit hakukuacha paliponyooka. Amekuacha kwenye kona. Unaingia kona ukiwa umekaa wima sana."

"Tunairekebisha lini?"

"Kesho ni Jumapili, Nabwire."

"Baada ya kanisa, basi."

Alimtazama Oketch, Oketch akarudisha bolti mahali pake, akaikaza.